Usiongeze kifurushi cha intaneti kabla hujakagua waya

Leo siongelei bei wala namna ya kupiga picha ya bidhaa. Naongelea kitu ambacho wengi wetu tunakilipia kila mwezi na hatukiangalii hata siku moja: ule waya unaotoka kwenye rauta kwenda kwenye kompyuta ya dukani.

Msimamo wangu nausema mapema ili tusizungushane. Mtandao ukiwa mzito dukani, kuongeza kifurushi ni kitu cha mwisho kufanya. Cha kwanza ni kukagua waya. Sisi wengi tunafanya kinyume. Mtandao ukigoma kidogo tunapiga simu, tunaambiwa kuna kifurushi kikubwa zaidi, tunalipa. Wiki mbili baadaye uzito ni ule ule, ila bili imepanda.

Kwa nini naliona ni jambo kubwa? Kwa sababu sisi wa huku Singida tunauza kwa watu wasiotuona. Mtu anauza mafuta ya alizeti, mwingine asali ya Itigi, mwingine vitunguu, mwingine vipodozi au viatu vya mtumba. Mteja yupo Dar, kilometa karibu 700 kutoka hapa. Hawezi kuonja asali yako wala kunusa mafuta yako. Anachoona ni picha, video na muda unaotumia kumjibu. Video ikichukua robo saa kupanda, na ankara ikichelewa kumfikia, yeye hajui kama ni waya. Anajua tu kwamba wewe unachelewa. Na kwenye simu yake wauzaji wengine wapo kibao.

Najua kuna watakaosema, "Mimi nauza kwa simu tu, waya wa nini?" Sawa kabisa. Kama upo peke yako na simu yako, endelea. Lakini siku ukiweka kompyuta mbili, printa ya risiti na kijana wa kukusaidia oda, utajikuta umevuta waya. Bora ujue mapema.

Ngoja nitoe mfano. Kuna mama mmoja hapa mjini anauza mafuta ya alizeti. Ana kompyuta mbili kwenye chumba cha ofisi. Moja ya oda na hesabu, nyingine binti yake anatengenezea video. Alikuja dukani kwangu kuulizia rauta kubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nipe rauta yenye nguvu. Nimetoka kifurushi cha 20 nimeenda cha 40, lakini kompyuta ya binti inatambaa tu."

"Na ya kwako je?"

"Ya kwangu haina shida sana."

Hilo jibu peke yake lilikuwa limeshamaliza nusu ya kazi. Kompyuta mbili, rauta moja, kifurushi kimoja. Moja inakimbia, moja inatambaa. Rauta ina kosa gani hapo? Nilienda ofisini kwake jioni. Waya wa binti ulipita chini ya mlango, na mlango ule ni wa chuma. Kila ukifunguliwa unaukanyaga. Kwenye kompyuta tukasoma spidi ya waya: 10 Mbps. Yaani kifurushi cha 40 kinafika kwenye rauta kizima, halafu waya unapitisha 10 tu. Angenunua hata cha 100, kwenye kompyuta ile angepata ile ile 10.

Tufanye hesabu. Video ya megabaiti 800 ni sawa na megabiti 6,400, kwa sababu baiti moja ina biti nane. Kwa spidi ya 10, ni sekunde 640, zaidi ya dakika 10. Kwa spidi ya 40 ni sekunde 160, hazifiki dakika 3. Na hapo nimechukulia kila kitu kinaenda vizuri. Kilichobadilishwa ni waya wa mita tano. Rauta hakununua.

Sasa fikiria mtu aliyeongeza, kwa mfano, elfu 40 kwa mwezi juu ya alichokuwa analipa. Kwa mwaka ni laki 4 na elfu 80. Kwa wengi wetu huo ni mtaji wa bidhaa. Unalipa mtaji kwa sababu ya waya uliokanyagwa na mlango.

Kwa nini waya unafanya hivi? Ndani ya ule waya kuna nyaya ndogo 8, zimesokotwa mbili mbili, kwa hiyo ni jozi 4. Vifaa vyetu vinaelewana kwa spidi tatu za kawaida: 10, 100 na 1,000, ambayo ndiyo huitwa giga moja. Ukichomeka waya, kompyuta na kifaa cha upande wa pili vinaulizana vyenyewe: tuna uwezo gani? Vinakubaliana spidi ya juu ambayo wote wanaiweza. Spidi ya 10 na ya 100 inatumia jozi 2 tu. Ya 1,000 inahitaji jozi zote 4 ziwe nzima. Uzi mmoja ukikatika ndani, au kichwa cha plastiki kikibanwa vibaya, vifaa vingi vinashuka spidi na kuendelea na kazi.

Hapo ndipo tunapoliwa. Waya mbovu mara nyingi haukati mtandao. Unashuka kimya kimya. Taa inawaka, WhatsApp inafunguka, kwa hiyo unasema waya mzima, tatizo ni kampuni. Kumbe waya umeshuka tangu mwezi wa tatu.

Haya, tukague. Hakuna kifaa cha kununua hapa, ni macho, mikono na kompyuta yako.

Moja. Jiulize: ni kompyuta moja au zote? Ikiwa moja tu ni nzito, achana na kampuni kwa sasa. Tatizo liko kwenye waya wa kompyuta hiyo, tundu lake, au kompyuta yenyewe. Ikiwa zote ni nzito kwa wakati mmoja, angalia rauta, swichi (kile kiboksi chenye matundu mengi kinachogawa mtandao), au huko nje.

Mbili. Soma spidi ya waya. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika ncpa.cpl kisha Enter. Bofya mara mbili palipoandikwa Ethernet. Kitafunguka kidirisha chenye neno Speed. Ukiona 1.0 Gbps, waya umekubaliana spidi ya juu. Ukiona 100 Mbps, umeshuka au vifaa vyako vina uwezo huo tu. Ukiona 10 Mbps kwenye kompyuta ya kawaida, simama hapo hapo, umeshapata pa kuanzia.

Tatu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Chukua waya mfupi unaojua ni mzima, uchomeke kwenye kompyuta nzito. Imepona? Waya wa zamani ndio mgonjwa. Haijapona? Rudisha, sasa badilisha tundu kwenye rauta. Haijapona? Peleka laptopu nyingine kwenye waya ule ule. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja, ikipona hutajua kilichoiponya, na utanunua vitatu badala ya kimoja.

Nne. Pima njia kwa vipande. Fungua cmd, andika ipconfig. Utaona namba kwenye mstari wa Default Gateway, mara nyingi ni kama 192.168.1.1. Hiyo ndiyo rauta yako. Sasa andika ping, acha nafasi, weka namba hiyo, acha nafasi, malizia na -t. Iache iende dakika mbili tatu, kisha usimamishe kwa Ctrl na C. Kwa waya mzima majibu yanatakiwa yawe milisekunde 1 au chini yake, na yasikosekane. Ukiona Request timed out kila baada ya mistari michache, au namba zinaruka kutoka 1 kwenda 200, shida ipo ndani ya duka lako. Baada ya hapo fanya hivyo hivyo kwa 8.8.8.8, ambayo ipo nje. Rauta ikijibu vizuri na nje ikijibu vibaya, hapo sasa una haki ya kupiga simu.

Tano. Fuata waya kwa mkono wako, mwanzo hadi mwisho. Angalia mguu wa kiti, mlango, kona iliyokunjwa kama karatasi, meno ya panya. Angalia kichwa cha plastiki: kile kiulimi cha kubania kikivunjika, waya unalegea kila ukiigusa meza. Huku kwetu kuna upepo na vumbi, matundu yanajaa. Waya wa ndani ukipitishwa nje juani, ngozi yake inakauka na kupasuka. Waya wa mtandao usiufunge pamoja na waya wa umeme kwa umbali mrefu. Na kutoka kifaa hadi kifaa usizidishe mita 100, hicho ndicho kipimo cha waya huu.

Sita. Angalia kama kompyuta yenyewe ndiyo inakula mtandao. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Ukurasa wa Processes una safu ya Network. Wakati mwingine ni Windows inajipakulia mabadiliko yake, au picha zako zote zinapanda Google Drive wakati wewe unahangaika na oda.

Saba. Kwenye swichi, hakikisha hakuna waya ambao kichwa kimoja kipo tundu la 3 na kingine kipo tundu la 6 la kiboksi hicho hicho. Hutokea sana baada ya usafi: mtu anaona kichwa kinaning'inia, anakichomeka. Swichi za bei ndogo haziwezi kujikinga na hilo. Taarifa zinazunguka ndani kama mbwa anayefukuza mkia wake, taa zote zinapepesa kwa kasi, na ofisi nzima inalala.

Kuna na hili la wajanja. Mtu anaingia kwenye mipangilio ya kompyuta analazimisha spidi ya 100 Full Duplex, akiamini ameongeza nguvu, wakati upande wa swichi umeachwa ujichagulie. Swichi ikikosa wa kuelewana naye inaenda Half Duplex. Upande mmoja unaongea na kusikiliza kwa pamoja, mwingine unasubiri zamu. Zinagongana, mtandao unatambaa vibaya sana kila mzigo ukiwa mkubwa. Acha pande zote mbili kwenye Auto.

Sasa niwe mkweli ili usije ukabadilisha waya bila sababu. Ukisoma 100 Mbps na kifurushi chako ni cha 20, waya wako sio unaokubana kwenye intaneti. Unapitisha mara tano ya unachonunua. Mtu akikuambia ununue waya wa giga ili Instagram ifunguke haraka, muulize hesabu anaitoa wapi. Spidi ya 1,000 itakusaidia kama mnahamisha mafaili makubwa kutoka kompyuta moja kwenda nyingine hapo ofisini. Na mimi nauza waya, kwa hiyo ningependa ununue. Lakini mteja niliyemuuzia kitu ambacho hakimsaidii harudi, na anawaambia wenzake.

Kwenye kununua nako kuna jambo. Waya umeandikwa Cat 5e au Cat 6 ubavuni, lakini maandishi hayatoshi. Kuna waya ambao nyuzi zake ni alumini iliyopakwa shaba juu. Mara nyingi huandikwa CCA. Ni wa bei ndogo, ni mwepesi mkononi, na nyuzi zake zinakatika haraka ukizikunja. Kwa mbali unapoteza nguvu kuliko wa shaba tupu. Kwangura uzi kwa wembe: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, ni alumini. Maoni yangu ni kwamba muuzaji anatakiwa akuambie kabla hujalipa, na wewe unatakiwa uulize bila aibu. Mbona mafuta tunauliza kama yamechanganywa?

Na fundi akibana vichwa, mwambie afuate mpangilio mmoja pande zote mbili. Unaotumika sana ni huu: mweupe wa chungwa, chungwa, mweupe wa kijani, bluu, mweupe wa bluu, kijani, mweupe wa kahawia, kahawia. Wapo wanaopanga rangi wanavyoona inapendeza, mradi pande zote zifanane. Mtandao utawaka. Lakini nyuzi zimesokotwa mbili mbili ili kelele ya uzi mmoja ifutwe na mwenzake. Ukizitenganisha hovyo unaharibu kazi hiyo, na waya wa mbali utakusumbua.

Najua jibu la wengi: "Hayo ni mambo ya wasomi wa kompyuta, mimi namwita fundi." Mimi nimeishia kidato cha nne. Haya nimejifunza kwa kusoma kwenye simu na kuchomoa nyaya. Sijasema usimwite fundi. Nasema usimwite ukiwa huna unachojua. Ukimwambia "mtandao mbaya", atakuanzishia kwenye rauta mpya. Ukimwambia "kompyuta ya pili inasoma 10, ya kwanza inasoma 1,000, nimebadilisha tundu haikusaidia", anajua anaongea na nani. Kazi inakuwa ya nusu saa, na malipo ni ya nusu saa.

Wengine wanasema waya umepitwa na wakati, twende waifai tu. Kwa simu ya mteja anayesubiri, waifai ni nzuri. Kwa kompyuta ya oda na hesabu inayokaa sehemu moja kutwa nzima, mimi nabaki na waya. Waifai inagawana hewa na majirani wote wa jengo na inapita kwenye kuta. Waya ni wako peke yako, na ukiharibika unaweza kuuona.

Kuna siku ambazo kweli tatizo sio lako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo hata ungebadilisha waya wa dhahabu isingesaidia. Lakini hata siku kama hiyo kipimo cha nne kinakusaidia. Rauta inajibu, nje hakujibu, basi unajua usihangaike na nyaya. Unawatangazia wateja kwamba majibu yatachelewa, unahamia kupokea oda kwa simu ya kawaida, maisha yanaendelea.

Na ikiwa kampuni ndiyo yenye makosa siku zote, kipimo ndicho silaha yako. Chomeka kompyuta moja moja kwa moja kwenye rauta, wengine wote watoke, pima asubuhi, mchana na usiku kwa siku kadhaa. Piga picha ya skrini kila mara, ya kupakua na ya kupandisha, kwa sababu sisi wauzaji tunaumia zaidi kwenye kupandisha. Wapelekee hizo picha. Wakikuzungusha, TCRA inapokea malalamiko ya watumiaji baada ya wewe kuanza na mtoa huduma, na ofisi yao ya Kanda ya Kati ipo Dodoma. Mtu mwenye picha za siku saba hasikilizwi sawa na mtu anayelalamika kwa hasira.

Ninachopinga ni ile tabia ya kulipa ili kero iishe bila kujua imetoka wapi. Dukani hatufanyi hivyo. Mzani ukisoma vibaya hatuongezi bei ya mchele, tunakagua mzani. Kwa nini kwenye intaneti tunaongeza bei kwanza?

Kwa hiyo leo kabla ya kufunga duka, fanya kipimo cha pili tu, kile cha ncpa.cpl. Hakifiki dakika moja. Andika kwenye komenti umesoma ngapi, kifurushi chako ni cha ngapi, na waya wako una urefu gani. Tutasomeana na tutasaidiana hapa hapa. Kama una jirani ambaye kesho anaenda kulipia kifurushi kikubwa zaidi, mtumie hii leo, kesho atakuwa ameshalipa.